Mgebuka Juani

Nilifika Kigoma na mkataba wa miaka miwili,
sanduku moja, na mgongo usiojua kulala.
Kwetu Baraka, ng'ambo ya maji,
sista mmoja alinifundisha kuketi na kuhesabu pumzi.
Akahamishwa kabla sijafika kumi.

Hapa nikaulizia.
Mlinzi wa ofisi akanielekeza kwa kocha wa karate, Mwanga.
Mwenye nyumba, niliposema yoga,
akaniletea mtindi kwenye kikombe.
Daktari akaandika vidonge.
Mchungaji akakemea kitu ambacho hakukitaja.
Nikashukuru wote,
nikarudi kukesha na feni.

Halafu ile siku ya kitasa.
Kibirizi, duka la saruji, foleni, joto.
Umeme ukakatika, watu wakaguna,
na keshia, vumbi jeupe kwenye nyusi,
akaweka kalamu chini,
akafumba macho.
Nikaiona pumzi ikimpanda toka kiunoni
kama maji mtungini,
ikakaa,
ikashuka taratibu, kama haidaiwi na mtu.

"Mama, nani kakufundisha?"
"Kunifundisha nini?"
"Hiyo."
Akanitazama kama aliyekutwa akila
mchana wa Ramadhani.

Bi Ntabaye. Miaka tisa alimtunza mhasibu mzee wa Kihindi
aliyejikunja sebuleni kila alfajiri kama kisu cha mfukoni.
Yeye akipiga deki, jicho moja kwenye ndoo,
jingine kwa mzee.
Mzee alipofariki, ndugu wakagawana makochi.
Mkeka hakuna aliyeutaka.

"Mimi si mwalimu," akasema.
"Njoo saa kumi na moja. Tumbo tupu."

Akafungua daftari la madeni, akaniandika: Maua.
Nikamwambia, kitambulisho changu kina w. Mauwa.
Akaitazama ile w kwa muda.
"Hapo ndipo unapopumulia," akasema. "Iache."

Stoo: mifuko ya saruji huku, mabati huko,
na sisi wawili katikati, miguu peku.
Majina ya mzee yamemtoka kichwani, kaweka yake:
Kreni ya Bandari. Mchikichi. Mbuzi Kaamka.
Na lile la mwisho, la kulala chali bila kufanya lolote,
mzee aliliita maiti.
Bi Ntabaye kakataa.
"Asubuhi yote hii, maiti wa nini?
Huyu ni mgebuka juani. Lala, ukauke."

Nikalala, nikakauka.
Kiangazi chote moshi wa mashamba uliifuta ng'ambo,
ikawa rahisi kufumba macho:
hapakuwa na kitu cha kuacha kutazama.

Kisha mvua ya kwanza ikaosha anga.
Mlango wa stoo ukafunguka,
na milima ya Ubembe imesimama pale,
karibu kama ukuta wa jirani,
nahesabu hadi makorongo.
Mama yangu yuko nyuma ya mmojawapo.
Simu yake haipatikani tangu Jumanne.

Moja.
Mbili.
Jumanne.
Moja.
Jumanne.

Bi Ntabaye hakutoa hekima yoyote.
Aliburuta mkeka, akanigeuza,
mgongo kwa ziwa, uso kwa saruji,
akaketi nyuma yangu, uti wa mgongo kwa uti wa mgongo,
yeye akiielekea milima.
"Nakuangalizia," akasema. "Wewe pumua."

Alinuka mawese na sabuni ya kipande.
Mbavu zake zilipopanuka, zangu zikafuata,
kwa uvivu kwanza, kama mtoto anayeburutwa sokoni.

Saa kumi na mbili wapakiaji wakaingia,
hawakutuuliza tunafanya nini.
Ukuta uliokuwa usoni pangu ukaanza kupungua,
mfuko, mfuko, mabegani mwao,
kwenda botini, kwenda kwetu,
kujenga nyumba ya nani sijui.

Nilifika saba.

Kitasa bado sijanunua.