Sifuri, Sifuri, Moja

Anaseli alisimama nyuma ya kiti changu,
miwani juu ya paji, koti likinuka mvua,
akahesabu visanduku vyekundu kwenye kioo
kama alivyohesabu magunia ya kahawa
miaka thelathini na miwili ya ukarani.
"Kijana, mbona marehemu wangu wote
umewatia kwenye majeneza?"

Si majeneza, mzee. Ni viungo.
Bonyeza jina la babu, kitabu kinakupeleka
mpaka ukurasa wake.
Mashine ndiyo iliyochora, mimi sikuituma.
Ndivyo ilivyozoea: pembe sifuri, sifuri,
unene moja, rangi ya damu mbichi.

Hakucheka.
"Niliyemlipa ni wewe," akasema,
akarudi zake Kirua kabla giza halijashika migomba.

Chumba chetu cha kuchapia kiko nyuma ya soko la Mbuyuni,
kati ya fundi saa na muuza mbegu.
Nilikesha humo na ukoo usio wangu,
kurasa mia mbili na sita.

Ukikaa na visanduku, vinaanza kukuonyesha kasoro zao.
Makyao kapewa kirefu, kwa kuwa y yake ina mkia.
Massawe kafupishiwa, kakatwa miguuni.
Ndeanasia binti Elingaya, jina refu,
limevunjika mwisho wa mstari:
nusu kisanduku huku, nusu kule,
kama shamba lililopitiwa na barabara.

Nikasimika nguzo ndani ya kila jina,
nguzo isiyo na upana wala wino,
inayojua kimo tu.
Wakalingana, wenye mikia na wasio nayo.

Kisha nikafuta wekundu. Unene: sifuri.
Ukurasa ukatulia.
Ukatulia mno. Nani atajua pa kubonyeza?
Mlango uliopakwa rangi ya ukuta ni ukuta.

Saa nane umeme ukakatika.
Gizani nikakumbuka kihamba cha mama, Uru.
Mpaka wetu hauna tofali wala seng'enge,
masale tu, majani membamba yaliyojipanga.
Kuku anapita, jirani anapita na ndoo,
ila hajatokea wa kusema hakuuona.

Umeme uliporudi nikaandika upya:
unene nukta nne, kijani cha masale,
na si kisanduku tena,
mstari mmoja, chini ya jina.
Nikajiona fundi.

Jumatano Anaseli akaja na shangazi yake,
Ndeanasia yule yule wa nusu mbili,
miaka tisini na mmoja, viatu vya mpira,
anayetaka kitabu cha kushika.
Nikachapa.
Na karatasi ya kwanza ilipotoka, yenye joto,
ndipo nikakumbuka nilichokijua siku zote:
viungo havichapiki.
Vinaishi kwenye kioo.
Majina yalitoka matupu, hakuna kisanduku, hakuna masale,
usiku wangu mzima haumo.

Bibi hakujua kuna kilichopungua.
Alifunua akilowesha kidole,
akinong'ona, akiruka wengine bila huruma,
mpaka ukurasa wa themanini na nane.

Elirehema.
Alizaliwa mwaka wa nzige.
Alikwenda kukata mkonge.
Halafu weupe, mpaka chini.

"Kalamu."
Nikampa iliyokuwa karibu, nyekundu, ya kusahihishia.
Akachora kulizunguka jina la mdogo wake,
taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo,
pembe zikitetemeka.
Mstari wa nne haukufika alikoanzia.
Ulibaki upenyo, upana wa punje ya mtama.

Anaseli akanitazama. Mimi nikaitazama kompyuta.
Nikauliza, kwa sauti ya dukani, kama nimalizie.

Bibi akaifunika kalamu yangu kwa kifuniko chake,
akaifunga kwenye pindo la khanga,
akauliza kitabu ni shilingi ngapi.