Timazi

Nilikuwa nafumua bitana ya koti,
koti zito la balo la Jumanne, pale Karume,
nimuuzie kijana wa bodaboda anayetoka Chanika alfajiri
meno yakigongana utadhani Pugu kuna theluji.
Mkono ukagusa kitu cha duara, mfuko wa ndani.
Nikasema: haya, labda saa.

Haikuwa saa.
Roda nyeusi, nyepesi kama kisahani,
na kikono kifupi cha kuzungushia,
na karatasi iliyokunjwa mara nne:
mtu ameketi juu ya maji yaliyoganda,
kofia imemfika kwenye nyusi,
mbele yake tundu la upana wa sufuria ya chai,
na mshipi umeshuka humo wima, kama timazi ya mwashi.

Maandishi yalinishinda. Mishale niliielewa.

Nikampelekea Chande, mlango wa pili.
Miaka tisa alipasua barafu Feri
mpaka barafu nayo ikampasua nyonga.
Tangu Ramadhani ile hajashuka ngazi.
Akaipokea, akaizungusha, akaisikiliza sikioni.
"Zile nyingine," akasema, "uzi hujivua pembeni, duara kwa duara,
na kila duara linaacha msokoto.
Huko chini chambo kinazunguka kama pia.
Samaki atazame, aseme: huyu dagaa kalewa.
Hii, uzi unatoka kama ulivyoingia.
Haimzungushi mtu."

Tukafunga fundo kwenye kitovu,
chini yake kipande cha utepe wangu wa kushonea, uzi usiteleze.
Mimi nimechomeka penseli katika bobini, iviringike, isirushe vitanzi;
yeye anakunja polepole,
vidole viwili vimeubana mshipi uliolowa.
"Ukilegea leo, kesho utajikaba."
Nikataka tujaze mpaka ukingoni. Akakataa,
akaacha nafasi ya unene wa sarafu.
Kisha breki: kaza, vuta, legeza nusu, vuta,
mpaka uzi utoke unanung'unika
lakini haulii.

Fimbo? Ubavu wa mwamvuli uliokufa masika.
Roda tukaining'iniza kwa mpira wa tyubu, tumbo chini.
Chubwi ikawa nati ya pikipiki.

Barafu ya kutoboa tutaitoa wapi, Keko?
Yetu ya shilingi mia, imo kwenye vifuko, ina ubuyu.
Chande akajikokota na kiti mpaka barazani,
akapitisha nati katikati ya nondo mbili za ukuta.
Tundu la upana wa sufuria ya chai.

Nilikuwa nimefunga kitambaa chekundu juu ya nati, tuone.
Ghorofa ya nne. Ya tatu, kanga za Bi Siwatu.
Ya pili, mtu anakaanga vitunguu.
Kitambaa hakikugeuka hata mara moja.
Kilishuka kimetazama upande wa reli
kama mtu aliyeambiwa asigeuke nyuma.

Chini kukatulia.
Kisha ubavu wa mwamvuli ukainama.
"Kimekula!" Chande, sauti ambayo sijaisikia tangu aanguke.
Breki ikanung'unika. Akaiacha inung'unike,
akakunja, akapumzisha, akakunja,
na mimi, mtu mzima, nimeshika reli za baraza nikipiga kelele.

Likapanda shati la shule.
Limefungwa kwa mikono, halina kifungo cha tatu,
na mfukoni sauti ya sarafu.
Kutoka chini Zuwena anapaza: "Shangazi, nalitaka kesho!"

Koti liliuzwa Alhamisi, kwa hasara kidogo.
Karatasi nimeibandika juu ya cherehani.
Yule mtu bado ameinamia tundu lake,
sijui kama amepata.

Chande jana amevua chapati mbili
na gazeti la juzi.
Chapati ya tatu, anasema, ilikuwa kubwa,
ilimponyoka karibu kabisa na ukingo.