Saa za Kungoja

Kwanza nahesabu vichwa: thelathini na mmoja,
na kiatu kimoja cha Ghati kilichoingia chini ya kiti.
Ndipo nafunga mlango, nagonga bati mara mbili,
na Nehemia Mdachi anaondoa gari.

Saa kumi na moja kasoro Nkuhungu bado ni giza.
Upepo wa Julai unapenya kwenye mpira wa dirisha uliokatika
kama mtu anayepiga mluzi bila wimbo.
Yeye hana koti. Ana shali ya mkewe shingoni
na salamu kwa kila mtoto anayepanda: Mbukwa!
Na watoto wa maofisa waliohamia juzi na Serikali,
waliozaliwa Temeke, waliozaliwa Kinondoni,
wanaitika Mbukwa, macho bado wameyafumba.

Analipwa kwa safari. Kupeleka, kurudisha, basi.
Katikati hapo, saa mbili mpaka saa tisa,
daftari la mhasibu linasema hayupo.
Hayupo, na anafagia maganda ya karanga na matapishi.
Hayupo, anashona mkanda wa kiti kwa uzi wa gunia.
Hayupo, ila mtoto akishikwa na homa
ndiye anayepatikana.
Desemba shule ikifungwa, naye kafungwa;
anarudi Mvumi kupanda uwele kwenye shamba la mtu.
Usiniulize kuhusu Juni.

Siku hiyo, badala ya darasani, tuliwapeleka Bungeni.
Nehemia akaegesha nje, juani, alipoonyeshwa.
Mimi nikapanda nao juu, sketi nimeipiga pasi,
tukakaa kama njiwa kwenye kenchi.
Nilidhani ni siku ya maji, au ya barabara.
Mara nikasikia: Sehemu ya Nne,
Ujira wa Madereva wa Magari ya Wanafunzi.
Nikajinyoosha kama niliyeitwa jina kanisani.

Mheshimiwa mmoja akasema kungoja nako ni kazi.
Mwingine akauliza, kungoja kunapimwaje?
Mtu akilala garini, hiyo ni kazi au ni usingizi?
Wakacheka. Atupele naye akacheka; nikamfinya.
Yakaja marekebisho, na marekebisho ya marekebisho,
"au" ikatolewa, "na" ikawekwa,
mwishowe kifungu kikasomwa upya:
saa za kungoja zitalipwa nusu,
mradi dereva awe kwenye usukani
na injini iwe inawaka.

Wanaoafiki?
Ndiyooo.
Wasioafiki?
Nikafungua mdomo. Mgeni haruhusiwi hata kukohoa.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya gari,
kofia usoni, lakini mguu wake ulikuwa unatikisika.
Wamesemaje?
Nikamsomea kiganjani, nilipoandika kwa kalamu ya Ghati.
Akarudia polepole: iwe inawaka?
Inawaka.
Na dizeli?
Dizeli hawakuitaja.
Lita zikizidi, shule inamkata yeye.

Alicheka kicheko cha mtu aliyegawiwa ng'ombe
kwa sharti asimkamue.
Kisha akapanda, akafunga mkanda, akawasha.
Gari likanguruma palepale, haliendi popote,
vioo vinatetemeka, watoto wanashangilia,
mpaka askari wa geti akaja mbio:
Zima hiyo! Hapa hairuhusiwi!
Nehemia akashusha kioo taratibu.
Afande, niache. Niko kazini.

Nami nikarudi kuhesabu.
Kuhusu matroni, Sehemu ya Nne haikusema neno;
niliisikiliza yote, mpaka nukta.
Thelathini. Nikaanza upya.
Thelathini na mmoja: Ghati alikuwa chini ya kiti,
anatafuta kiatu.
Nikagonga bati mara mbili.