Deni la Jiwe

Kamati ilinipa karatasi yenye mistari mitatu:
cheo, jina, mwaka.
Nikauliza, cheo kipi?
Katibu akasema Kapteni, mzee wa kanisa akasema Padri,
wakabishana mpaka chai ikapoa.
Mimi nikaendelea kunoa tindo.

Jiwe tulilitoa nyuma ya Mtandi,
watu kumi na mmoja na trekta la kuazima.
Jiwe la Masasi halina adabu:
ukiligonga kwa hasira linapasuka pasipotakiwa,
ukilibembeleza linakucheka.
Jua lilizama ningali kwenye herufi S.

Sostenes Namkonda.
Alikwenda vita vya Kagera bila bunduki,
begani mfuko wa turubai, ndani mafuta ya wagonjwa,
msalaba wa mpingo,
na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha
kwenye jalada la nyuma.

Kamati walitaka nichonge mikono inayosali.
Mikono ile mimi niliiona.
Nilikuwa na miaka minane, tunabangua korosho uani,
vidole vyeusi kwa utomvu,
akaingia mtu kwa miguu kutoka njia ya Nachingwea,
sare imefuliwa hadi imegeuka rangi ya vumbi.
Hapa ndipo kwa Bakari Mchopa?
Ndipo.

Akalamba kidole, akafunua kurasa.
Kuna kijana, Abdu Chinyama,
alichukua kwako tairi la baiskeli
akaenda jeshini hajalipa.
Shilingi ishirini na tano.

Alinishika mkono, akasema deni.
Hakuita mama.
Alisema tairi.
Shehe wa kikosi alikuwa ng'ambo ya mto,
nikamtamkia shahada nilivyoweza,
naye akairudia
vizuri kuliko mimi.

Baba akasema, nimesamehe, Padri, zirudishe mfukoni.
Yule mtu akatikisa kichwa:
Nilimwahidi yeye, sikukuahidi wewe.
Akazihesabu juu ya kinu kilichopinduliwa,
moja moja, nyingine zimeliwa kutu,
mshahara wake mwenyewe, tulikuja kujua baadaye.
Akala ming'oko miwili, akaomba maji.
Ukurasa ule ulikuwa na nyumba saba zaidi,
na jua lilikuwa la saa saba.

Hayo hayaenei jiweni.
Jiwe lina nafasi ya herufi arobaini na mbili
na katibu alizihesabu.
Basi chini kabisa, karibu na udongo,
ambapo majani yataota masika yajayo,
nikachonga duara dogo lenye spoki tatu.
Siku ya uzinduzi mgeni rasmi akainama:
Hili nini, jua?
Katibu akawahi: Jua la matumaini, mheshimiwa.
Wakapiga makofi.
Nikanyamaza na vumbi langu puani.

Kamati bado nawadai elfu themanini.
Walisema baada ya mnada wa korosho;
minada imepita miwili, ya tatu wanaisemea mvua.
Jirani ananiambia, wasamehe, kazi yenyewe ya marehemu,
utapata thawabu.

Marehemu simdai.
Kesho asubuhi nakwenda tena kwa katibu,
kwa miguu,
na daftari.