Chupa Kumi na Moja

Nilipewa jina, simu, na onyo.
Jina: Swabri Mwamzandi, fundi wa stima, hana mke wala deni.
Simu: mulika mwizi, ndani nambari moja,
imeandikwa Shangazi.
Onyo nikalitia kibindoni bila kulikagua:
Ukifika Miritini, maji ya huko usinywe.

Walikuwa wakikutana nyuma ya kinyozi, mlango ukishafungwa,
nywele za wateja zingali sakafuni.
Afisa alikuwa amenionyesha picha zao, nyuso zimekunjwa.
(Nani hakunji uso akipigwa picha juani?)
Nikawakuta: Tsuma, aliyeachishwa kiwandani
akaondoka na kikohozi badala ya kiinua mgongo;
Shufaa wa chuo cha sheria, kucha zina hina, ulimi una vifungu;
na Mbodze wa mahamri, katibu,
anayeandika kumbukumbu nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.

Kiwanda chayeyusha betri kuukuu. Moshi wake mtamu,
waacha ladha ya sarafu chini ya ulimi.
Mbodze akatoa cheti cha hospitali, kimekunjwa mara nne:
mwanawe Nyamawi, miaka sita, ana risasi damuni.
Risasi, akarudia,
na mlio hatukuusikia.

Nilimwandikia Shangazi usiku uleule:
Wana saruji, mifuko miwili. Ijumaa, saa nane,
wataziba bomba la maji machafu.
Akajibu: Vizuri. Endelea.

Nikaendelea. Niliwafungia taa, bure.
Nilimbeba Nyamawi hadi zahanati siku aliyoshikwa na degedege,
akaniachia udenda kwenye ukosi wa shati,
na hilo sikuliripoti, sikujua liandikwe safu gani.
Walinipa uhazini. Watu wasionijua jina
walinikabidhi elfu saba mia nne na ishirini,
sarafu nyingi, zimefungwa kwa leso.
Chai ikija nasema inanipa kiungulia,
nafungua chupa yangu ya dukani.
Siku moja Tsuma akaanza, "Kikulacho..."
akakohoa, asimalize.

Ijumaa. Saa nane usiku nalikuwa bombani,
ndoo mkononi, mfuko begani.
Zikawaka taa za magari matatu. Mbwa. Virungu.
Bomba likaendelea kumwaga, halina habari.
Hakuja mtu.
Afisa akaupasua mfuko wa saruji:
unga wa ngano, daraja la kwanza.
Ukamwagika viatuni, mbwa wakaanza kuramba.
Akanitazama kama chenji iliyopungua.

Jumamosi miguu ilinirudisha yenyewe.
Kinyozi wazi. Dirishani, chupa tupu kumi,
kila moja na tarehe, hati ya Mbodze.
Ya kumi na moja akaiweka mezani mbele yangu,
ingali na maji nusu.
"Mikutano kumi na mmoja," akasema, hakuinua sauti.
"Hujanywa hata funda.
Sisi tuliozaliwa hapa hatukuambiwa.
Wewe ulionywa na nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, kwa kisu.
Shufaa akasema damu hawaitaki,
wanayo, na imepimwa.
Akanisogezea karatasi ya kiapo. Imeanza: Mimi,
kisha pengo.

Simu ikatetemeka mezani. Shangazi. Tena Shangazi.
Maji ya chupa yakatetemeka nayo.
Nikashika kalamu nijaze pengo:
mkono ukaandika Swabri.
Nikakata.
Mbodze akatafuta karatasi nyingine.