Msumeno wa Majirani

Nilipostaafu posta ya Wete
mikono ilibaki ikitafuta muhuri wa kugonga.
Nikafagia ghala la karafuu la marehemu baba,
kule uani, Limbani,
nikaingiza meza ya mfenesi, jiriwa moja,
na ukutani nikapiga msumari mtupu
ungoje wa kuutundika.

Msumeno wa kwanza niliununua kwa macho.
Dukani Chake: mpini wa plastiki, rangi ya chungwa,
bapa linameta kama sinia la harusi.
Ulikata vizuri mwezi mzima,
mpaka nilipoupasulia mnazi.
Mnazi mkongwe hauna huruma, ndani kama umeshiba mchanga.
Nikachukua tupa ya pembe tatu,
tupa ikateleza, kriii,
ukucha juu ya kigae.
Meno yale yamechomwa huko kiwandani, hayafundishiki tena.
Msumeno usiokubali tupa
huuzwa pamoja na siku yake ya kufa.

Wa pili niliukuta Mtambwe
kwa mjane wa fundi Shaame Kombo,
umelala juu ya boriti, kutu mpaka shingoni.
Niliupinda, ukapinda.
Nilipouachia ukarudi ulivyokuwa.
Nikaugonga kwa kidole cha kati
ukatoa sauti ndefu, isiyokatika upesi.
Hapo nikatoa pesa bila kuvutana.
Ndimu na majivu, siku mbili za kusugua,
likachomoza jina la mji wa mbali, herufi nusu.

Wa tatu ni mdogo, una uti wa shaba mgongoni,
wa kukatia ndimi za milango.
Huo simpi mtu.

Mahakamani husema sheria ni msumeno,
hukata mbele na nyuma.
Aliyesema hayo hakuwahi kupasua ubao.
Wa kwangu hukata ukienda;
ukirudi hautaki kitu,
unavuta pumzi tu na kumwaga unga.
Ukiukandamiza wakati wa kurudi, unaupofua.

Sikukuu ya kuchinja, Makame Ngwali akamtuma mjukuu:
«Babu anaomba msumeno, mara moja tu.»
Sikuwapo. Mtoto akachukua ule alioufikia,
wenye shaba.
Ulirudi baada ya Magharibi, umeoshwa kwa sabuni,
unanuka bizari,
uboho katikati ya meno,
na jino la kumi na tisa halipo.
Sikusema kitu.
Bakuli la supu lilikuja pamoja nao,
nami nililinywa lote; lilikuwa zuri.

Tangu hapo ule wa plastiki nimeutundika mlangoni,
chini, kimo cha mtoto:
msumeno wa majirani.
Umekata mifupa, mabomba, nguru wa barafu,
na siku moja uzio mzima, nguzo kwa nguzo,
fahali wa Bakari Mbwana alipokwama pembe.
Hakuna aliyewahi kuuliza mbona haukati vizuri.

Hewa ya hapa ina chumvi hata ndani ya sanduku.
Kila Alhamisi jioni napangusa mabapa
kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi,
nabana meno karibu na mdomo wa jiriwa
(yakisimama marefu hutetemeka, tupa ikapiga ukelele),
napitisha jino moja, naruka moja,
nageuza, nayarudia yale niliyoyaruka.
Kusukuma tu. Tupa nayo haipendi kurudi.

Time, mke wangu, husema sauti ile inamtia meno ganzi.
Lakini yeye ndiye mwenye macho.
Huinua msumeno kwenye taa, akafumba jicho moja:
«Hili linang'aa. Na hili. Na hili la pembeni.»
Kwani jino kali halina pa kushikia mwanga;
linalometa ndilo lililochoka.

Kwenye ule mdogo, nikifika kumi na nane
mkono huruka wenyewe.
«Na hapa pana nini?» huuliza, kila Alhamisi,
naye anajua.
Napuliza vumbi la chuma.
«Hapo,» namwambia, «pana supu ya Makame.»