Dirisha la Fundi, Luanda

Nyigu alimchoma mara moja tu.
Buibui akafa ganzi, muda wa kunywa kikombe cha chai;
alipozinduka ana mgeni mgongoni,
buu dogo kuliko punje ya wimbi.

Nilimwona kila asubuhi nikitia uzi kwenye cherehani.
Anasuka, anakula, ananenepa,
au niseme wananenepa.
Januari Luanda haina pumzi: sare, sare, sare.

Siku moja nilishika sindano nimbandue huyo mdudu.
Mama Andayi akaingia na suruali ya mwanawe, imepasuka makalioni.
Tukacheka, tukapatana bei.
Nikasahau.

Usiku wa mvua ile alisuka utando mwingine.
Si duara. Nyuzi chache, nene, zimekazwa,
mshono wa kubeba mzigo. Najua mshono nikiuona.
Nani alimpa kipimo?

Kulipokucha ganda lake lilikuwa chini, kwenye vumbi la chaki.
Juu, kifukofuko cha rangi ya chai ya maziwa kinaning'inia,
upepo wa Maseno unakitikisa, hakianguki.

Kazi safi, kusema kweli.

Nimefunga dirisha upande mmoja tu.
Sindano bado imechomekwa kwenye kola yangu.